Jina Asilolipiga Napari

Vumbi la upepo wa jangwani lilikuwa limetanda juu ya soko la Aboabo, na watu walipita ndani yake kama wanaoota. Katumi alikuwa akikunja majoho ya kuuza alipoitwa. Hakuitwa kwa mdomo. Ngoma ndogo iliyobanwa kwapani na kijana mrefu mwenye joho la nili ilitamka jina la ukoo wake, waziwazi kama mtu.

"Nani kakwambia kwetu?"

"Pua yako. Pua hiyo ya ukoo wenu naipigia ngoma tangu utotoni."

"Basi iulize kama ina nafasi ya maongezi."

"Imeshanijibu."

Kijana huyo, Napari, alikuwa mpiga ngoma wa kasri la Yendi, mmoja wa wale wanaobeba historia ya watawala kichwani na kuitoa kwa mikono. Tangu siku hiyo, kila jioni simu ya Katumi iliita.

"Umekula, binti wa watawala?"

"Nimekula, kasuku wa mfalme."

"Kasuku ana njaa ya sauti yako."

"Kasuku hula mtama. Lala." Wala hakukata.

Kisha ikaja harusi ya binamu yake Katumi. Katumi alivaa manjano, kilemba kimesimama, na Napari akaanza kupiga nasaba yao. Baba yake Katumi akainuka kucheza. Ngoma ikamtaja baba, ikamruka babu, ikatua kwa baba wa babu. Minong'ono ikapita ukumbini. Baba akakaa taratibu, kama aliyevuliwa nguo.

Nyumba nzima ilikuwa ikiishi na hofu hiyo: kwamba wapiga ngoma walimdharau babu Alidu. Sasa mji wote ulikuwa umesikia.

Katumi hakupokea simu hadi Alhamisi.

"Umemruka babu yangu kama dimbwi la matope."

"Katumi, babu yako alikufa vitani. Jina la namna hiyo halipigwi kabla damu ya kondoo haijamwagika. Ningelipiga pale, ningeyaita mauti kwa bibi harusi."

"Mbona hukusema?"

"Sisi wapiga ngoma jina kama hilo hatulizungumzi. Lina uzito."

"Uzito huo umemwangukia baba. Ukae na ukimya wako, Napari. Mimi siolewi na ukuta."

Jumatatu, kondoo dume mweupe alishushwa mlangoni kwao. Nyuma yake walikuja wapiga ngoma wazee, na Napari akiwa amevaa joho jeupe tupu. Kondoo akachinjwa. Majirani wakajaa uani.

Ndipo Napari akapiga. Jina la Alidu likatoka polepole, na nyuma yake farasi wake, mkuki wake, mto aliovuka na hakurudi. Baba alikuwa bado tumboni mwa mama yake babu alipokufa. Hakuwahi kulisikia jina hilo likipigwa. Alicheza peke yake, macho yamefumbwa, machozi yakishuka mpaka ndevuni.

Ngoma iliponyamaza, Napari akapiga goti na kuweka mbele ya baba kokwa za kola, zile za kuposea.

"Mzee, naomba binti yako."

"Muulize mwenyewe. Ulimi wake hauna dalali."

Katumi alimtazama mpaka jasho likamtoka.

"Utanificha tena mambo?"

"Ya kasri, ndiyo. Ni kiapo. Lakini yakikugusa wewe, utayasikia kwangu kabla ya watu."

"Hata yakiwa mazito?"

"Tutayabeba wawili."

Katumi akachukua kola moja, akaipasua kwa meno, akakunja uso kwa uchungu wake, kisha akamtia Napari mdomoni kipande kilichobaki.

"Tafuna," alisema. "Usimeze upesi."