Sauti ya Rukaya Kwenye Simu

Kila jioni, baada ya kuwafungia kuku bandani, Ziada alichukua simu ya mama yake akaenda kwenye jabali lililokuwa nyuma ya nyumba. Kwingineko pale kwao Sepuka mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mdogo wake, Rukaya, alimfuata nyuma.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Mwalimu Antipasi, aliyefundisha darasa la pili, hakukubali wanafunzi wake wasahau kusoma. Alianzisha kundi la wazazi kwenye simu, na kila siku alituma picha ya ukurasa wa hadithi fupi pamoja na sauti yake mwenyewe akiusoma taratibu. Mtoto alitakiwa asikilize, asome mwenyewe, kisha arekodiwe ili mwalimu amsikie. Mama yao alishinda shambani akivuna mahindi, kwa hiyo kazi ya kumsomesha Rukaya ilimwangukia Ziada, aliyekuwa darasa la sita.

Ilikuwa kazi kweli kweli. Rukaya alikwama kwenye kila neno, akasugua macho, akalia. Sauti za watoto wengine kundini zilitiririka kama maji, na Ziada akaona aibu. Jioni moja alichoka. Akaifungulia sauti ya mwalimu tena na tena mpaka mdogo wake akaishika hadithi yote kichwani, kisha akamrekodi. Safari hii Rukaya hakukwama hata mara moja.

Mwalimu alijibu mbele ya wazazi wote. "Hongera Rukaya. Na huyo dada yake ni mwalimu kabisa."

Mama aliusikiliza ujumbe ule huku akitabasamu peke yake jikoni. Kichwa cha Ziada kikavimba. Tangu siku hiyo hawakuhangaika na herufi tena.

Lakini jioni moja, Rukaya akiwa katikati ya hadithi, kioo cha simu kilizimika, simu ikiendelea kurekodi. Mtoto hakushtuka. Aliendelea "kusoma" kwenye kioo cheusi, kidole chake kikitembea kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka hadithi ikaisha. Ziada alimtazama. Alijua kabisa alichokiona. Akaituma ile sauti hivyo hivyo.

Wiki ile mama alimaliza kuvuna. Mahindi ya mbegu aliyachanganya na dawa kali ya unga ya kuua wadudu, na ya chakula akayaacha yalivyo. Magunia mawili yanayofanana yakasimama kwenye kona ya chumba cha bibi, na mama akayaandika kwa mkaa, moja 'sumu', jingine 'chakula'. Alfajiri iliyofuata alijitayarisha kwenda mjini Singida kuuza kuku.

"Mama, mahindi ya makande yapo pale," alimwambia bibi, mama mkwe wake. "Ziada anakwenda kisimani, kwa hiyo usichote kabla Rukaya hajakusomea gunia. Moja ni sumu. Anasoma vizuri sasa, hata mwalimu anamsifu."

Bibi, ambaye hakupata kusoma na macho yake yalikuwa yamefifia, aliitikia kwa furaha. Ziada alikuwa mlangoni na ndoo mkononi.

"Mama," aliita.

"Nini tena? Pikipiki inanisubiri."

Ziada alitazama uso wa mama yake, uliojaa fahari. "Hakuna kitu, mama. Safari njema."

Kisimani kulikuwa na foleni ndefu, na hadi adhuhuri zamu yake ilikuwa haijafika. Ziada alisimama, lakini mawazo yake yalikuwa nyumbani. Wenzake walimsemesha, hakuwasikia. Alijipa moyo kwamba Rukaya angeweza kubahatisha. Halafu akakumbuka kile kidole kikitembea kwenye kioo cheusi. Akaiacha ndoo yake palepale kwenye foleni, akatimua mbio.

Uani kulikuwa kimya. Jogoo mkubwa alikuwa amelala ubavu, miguu ikirusharusha vumbi. Karibu naye mitetea wawili walikuwa wamekwisha kukakamaa, na punje za mahindi zimetapakaa mbele yao. Ziada akakimbilia ndani.

Jikoni bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, akipakua makande. Rukaya alikuwa mbele yake, kijiko mkononi.

"Usile!" Ziada alilipiga bakuli teke, makande yakamwagika jivuni.

"Ziada! Una wazimu?" Bibi aliinuka. "Chakula cha watu unakimwaga?"

"Bibi, mmekula? Niambie, mmekula?"

"Bado. Maharage yalichelewa kuiva. Kuna nini?"

"Ni sumu, bibi. Kuku wanakufa huko nje."

Bibi aliketi tena polepole. "Nilisikia harufu nikiyaosha mahindi na kuwatupia kuku punje mbovu, nikadhani ni ya gunia jipya. Lakini mtoto alinisomea."

Rukaya aliangua kilio. "Bibi aliuliza, nikasema 'chakula'. Mama alisema najua kusoma."

"Hajui, bibi," Ziada alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi niliyemkaririsha. Nilidanganya."

Mama aliporudi, Ziada alimweleza yote bila kuficha. Mama hakumpiga. Aliwakumbatia Rukaya na bibi kwa muda mrefu, akafukia kuku na makande shimoni ili asile mtu wala mbwa, na usiku ule hakula chochote.

Kesho yake Mwalimu Antipasi, aliyepigiwa simu na mama, alifika kwa baiskeli. Ziada alimwamkia akiwa ameinamisha kichwa.

"Marahaba. Ziada, mimi sikuwa natafuta sauti tamu," mwalimu alisema. "Niko mbali, siwaoni watoto. Masikio yangu tu ndiyo yanayoniambia nani amekwama na amekwama wapi, ili nimsaidie. Ukinificha makosa ya mdogo wako, humlindi. Unamwacha peke yake, na siku moja atakosea mahali ambapo hakuna mwalimu wa kumsahihisha. Jana ilikuwa karibu sana."

"Nisamehe, mwalimu. Nifanye nini?"

"Mrekodi anavyosoma kweli."

Jioni ile Ziada alikiri mbele ya kundi lote kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akatuma sauti ya Rukaya akiunganisha herufi, akikosea, akirudia, mpaka akalipata neno moja tu.

Halafu ikaja sauti ya mtoto mwingine aliyekuwa amesifiwa sana, sasa akikwamakwama. Ikafuata nyingine, na nyingine tena.

Mwisho alisikika mwalimu. "Asanteni, wazazi wangu. Sasa ndiyo tunaanza kufundisha."