Sumaku Kwenye Aproni ya Baba

Kila nikitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, nilipita kibandani kwa baba kuitazama mikono yake. Baba ni fundi cherehani. Mikono hiyo ilitetemeka miaka minne, mpaka madaktari wakampandikiza nyaya nyembamba ubongoni, zikaunganishwa na kifaa chenye betri chini ya ngozi ya kifua. Akaweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Tulilia kwa furaha.

Kisha wiki moja mikono ikaanza kutetemeka upya. Ajabu ni kwamba nyumbani alikuwa mzima kabisa. Akikaa kwenye cherehani tu, hoi!

"Nitawaambia madaktari wakitoe kifaa hiki," baba alisema, akisukuma pembeni suruali aliyoiharibu. "Nimechoka."

Mimi nilishapata mtu wa kumshuku: shangazi. Yeye ndiye aliyekuja kumsaidia baba kazini, rimoti ya kukiwasha na kukizima kifaa ikiwa mkobani mwake. Tangu mwanzo alinung'unika, "Kichwa cha kaka yangu si redio." Akigusa mkoba, macho yangu mle mle. Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda.

"Shangazi, ni wewe unayemzima baba!"

"Mimi? Ee Mungu wangu!" Machozi yakamlengalenga.

Siku hiyo hiyo tukamtoa baba kwenye cherehani, na aproni yake mwilini, tukaenda kliniki. Njia nzima tulinuniana. Muuguzi akasoma kumbukumbu za kifaa.

"Kimezimika mara nyingi, saa za kazi. Na si kwa rimoti." Akaikazia macho aproni. "Baba, mfuko huo wa kifuani una nini?"

Baba akatoa sumaku ya kuokotea pini.

"Si mliambiwa muiweke mbali? Ikikisogelea kifaa, kinazimika. Nani kaiweka hapo?"

Baba akajishughulisha na kamba za aproni. Nilijua ananilinda. Mfuko ule niliushona mimi mwanzoni mwa wiki ile, asihangaike kuitafuta sumaku mezani, sote tukiwa tumelisahau onyo la kliniki. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni mimi," nikasema. "Shangazi, nisamehe."

Shangazi akanigeukia. "Umenichunguza siku tatu, mwanangu, na hukuniuliza hata swali moja. Ukimshuku mtu, muulize kwanza. Na ujikague na wewe."

Siku hizi sumaku inaning'inia kwenye msumari mlangoni, na mikono ya baba imetulia. Pini zikimwagika, shangazi huita kwa sauti, "Mpelelezi wangu yuko wapi? Njoo uokote!"

Nami huinama nikaokota, moja moja.