Maharage Yaliyofika Ijumaa

"Mguu! Mguu! Mguu huo!"

Mwenye mkokoteni akipiga kelele hivyo Mtaa wa Tandamti, Kariakoo, mwenye akili husogea kwanza, maswali baadaye. Kijana mmoja wa Kihindi, shati jeupe limenyooshwa, tai ya bluu shingoni, hakusogea. Alikuwa kasimama katikati ya njia anaandika bei za maharage. Alipogutuka, mkokoteni umeshamfikia puani. Akaruka kinyumenyume, akaketi kitako chote ndani ya gunia la maharage lililokuwa wazi mbele ya duka la Polycarp.

Polycarp mwenyewe hakuwepo. Aliyekuwepo ni mdogo wake, Blandina, msichana wa Kichaga mwenye gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, kalamu kaichomeka katikati ya nywele zake zilizosukwa twende kilioni. Alimtazama yule kijana kwa utulivu kabisa.

"Unanunua, au unaatamia?"

Wapagazi waliokuwa karibu waliangua kicheko. Kijana alijinyanyua, vumbi jekundu limemchora suruali nyuma.

"Samahani, sista."

"Wewe mtu wa mapato? Mbona unaandika andika bei zetu?"

"Hapana. Mimi mtu wa maharage tu. Natafuta ya shule."

"Jina lako, mtu wa maharage?"

"Manan."

"Basi Manan, hayo uliyokalia ndiyo mazuri kuliko yote hapa Tandamti. Umejua kuchagua pa kuangukia."

Ndivyo walivyoanza. Manan alikuwa mtoto wa mzee Champaklal, muuza vitambaa wa Kisutu. Alikuwa amesomea kompyuta wakati ambapo watu wengi mjini walikuwa hawajawahi kuigusa, na mwaka ule uliofuata mvua za Elinino, wafanyabiashara fulani waliokuwa wakigharamia chakula cha mchana katika shule moja ya msingi ya jirani walimwajiri. Gharama zilikuwa zinapanda na hakuna aliyejua kwa nini. Kazi ya Manan ilikuwa kufuatilia. Kila siku aliandika watoto wangapi wamekula, kilo ngapi zimenunuliwa, na maharage yameisha siku gani. Jioni aliyaingiza yote kwenye kompyuta, nayo ikamchorea mstari. Alikuwa akiuzungumzia mstari ule kama mzazi anavyomzungumzia mtoto anayeanza kutembea.

Blandina alishinda zabuni ya maharage kwa haki. Moyo wa Manan aliupata bila zabuni.

Simu ya duka ilianza kulia kila siku saa nne asubuhi.

"Duka."

"Hapa anazungumza mtu aliyekalia maharage."

"Umeshayaangua?"

"Bado. Nangoja mama yao."

"Manan, nina wateja!"

"Waambie wasubiri, unaongea na ofisi."

Jumamosi walikutana Mnazi Mmoja, wakala mihogo ya kuchoma yenye pilipili, kwa sababu Manan hakuwa akila nyama wala samaki na Blandina alisema mapenzi yake yatakuwa ya bei nafuu. Yeye alivaa sketi yake ndefu ya bluu bahari na marashi ya kaka yake aliyoyaiba. Manan alivaa lile shati jeupe, maana alikuwa na mashati meupe tu. Walicheka mpaka watu wakageuka. Walikuwa wanapendana, tusizunguke.

Jumamosi moja Manan hakucheka.

"Maharage hayafiki Ijumaa," alisema. "Kila wiki, ikifika Alhamisi yameisha. Ijumaa watoto wanakula ugali na chumvi. Wafadhili wananiuliza, sina jibu. Wakinifukuza, Blandina, nitarudi kupima vitambaa kwa baba."

"Pengine mliyakadiria machache. Watoto wanakula."

"Mpishi anasema hivyo hivyo. Lakini nimeamua kuweka kufuli kwenye stoo. Ufunguo atakaa nao mwalimu mkuu. Tuone."

Usoni alionekana mchovu, na Blandina akamwonea huruma. Huruma ile ndiyo iliyowaponza.

Kariakoo mtu hanunui akaondoka bila nyongeza. Ukishapimiwa kilo yako unabaki umeshika mfuko wazi, na muuzaji anayekupenda anadondosha gao moja, ujazo wa kiganja, juu. Haiandikwi popote. Jumatatu ile Blandina alipima viroba vya shule sawasawa na stakabadhi, kisha, kabla ya kushona midomo yake, akaongeza makopo kadhaa katika kila kimoja. Aliyafidia kwa fungu lake mwenyewe, kaka asipunjike. Alishona, akapakia mkokoteni, akajisikia kama mtu aliyetuma barua ya mapenzi. Shuleni hapakuwa na mizani. Manan aliandika kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi, kwa sababu stakabadhi ilikuwa ya Blandina, naye alimwamini.

Wiki ile maharage yalifika Ijumaa. Wiki iliyofuata pia. Blandina aliongeza tena, na tena, kila Jumatatu, akingoja siku nzuri ya kumwambia na kumcheka.

Siku hiyo haikuja. Badala yake ikaja simu.

"Blandina! Kompyuta imemkamata mwizi!"

"Mwizi gani?"

"Mpishi. Kabla ya kufuli, hayafiki. Baada ya kufuli, yanafika. Kilo zile zile, watoto wale wale! Nimewaonyesha wafadhili mstari, wameshangaa. Mama Kuruthumu ameondolewa leo, mbele ya kamati ya wazazi. Na unajua nini? Wanataka kunipa shule zao zote."

Blandina alishika kaunta.

"Manan, una hakika? Yule mama…"

"Mpenzi, mashine haina upendeleo. Hata mimi nimeumia, nimekula chakula chake kila siku. Sikiliza. Nikipata kazi hii namwambia mama yangu habari zako. Mtu mwenye kazi yake hasikilizwi kama mtoto."

Maneno yalikuwa mdomoni kabisa: ni mimi, niliongeza mimi. Lakini alikuwa amelisubiri neno hilo la mama kwa miezi, na sasa limekuja siku hii hii, kwa njia hii. Akasema, "Hongera."

Siku chache baadaye Kuruthumu alikuja mwenyewe dukani. Alikuwa mwanamke mnene wa Kizaramo, khanga mbili safi, mikono yenye makovu ya moto ya miaka mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza neno moja tu, maana silali. Viroba vya shule, vile vya zamani na hivi vya sasa, mlipima sawa?"

Duka lilikuwa limejaa watu. Redio ya jirani ilikuwa inapiga taarabu. Blandina angeweza kujibu kwa neno moja.

"Tulipima sawa, mama."

Kuruthumu alitikisa kichwa polepole. "Basi labda mkono wangu mimi mzito. Labda nilikuwa nazidisha bila kujua. Watoto wakikuangalia na sahani…" Alimuaga vizuri, akaondoka kwa hatua za mtu aliyekubali kosa ambalo si lake, na Blandina akaingia stoo akalia juu ya magunia.

Unaweza kumlaumu. Yeye mwenyewe alijilaumu kuliko wewe. Lakini bado alinyamaza, mpaka Jumamosi Manan alipokuja Mnazi Mmoja anang'aa, na kijiboksi cha bangili nyekundu mkononi.

"Mama kakubali kukuona! Alinuna siku mbili, halafu akaniuliza unakula nini. Kesho mchana, nyumbani. Atapika mwenyewe."

Aliposhika mkono wake amvishe, Blandina aliuvuta.

"Nilikuwa naongeza, Manan."

"Unaongeza nini?"

"Maharage. Kwenye viroba. Tangu wiki uliyoweka kufuli. Uliniambia hayafiki, nikataka yafike. Mama Kuruthumu hakuiba hata punje."

Manan alizirudisha bangili ndani ya kijiboksi. Muuza mihogo aliwauliza kama waongezewe pilipili, Manan akampungia mkono aende.

"Kwa hiyo ule mstari wangu," alisema mwishowe, "ni wewe."

"Nilikupenda."

"Umenifanya nimwite mtu mzima mwizi mbele ya watu!"

"Na wewe mbona hukupima? Ulisema mashine haina upendeleo. Hukumuuliza hata yeye!"

"Sikupima kwa sababu ni wewe uliyeandika!"

Alisema hivyo, akainuka, akaenda zake na bangili zake. Blandina hakumwita. Jumapili alikaa nyumbani na nguo za kutokea kitandani, akiitazama simu ya kaka yake. Haikulia. Akajua kwamba mambo yamekwisha.

Kulikuwa na kikao cha wazazi wiki iliyofuata. Blandina alikwenda. Alisimama katikati ya darasa, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, akasema kwa mdomo wake alichofanya na jinsi alivyomdanganya Kuruthumu uso kwa uso. Alipokaa, sauti nyingine ikasikika nyuma. Alikuwa Manan. Alisema karatasi ya ule mstari ilikuwa yake, kuhukumu kulikuwa kwake, na kazi ameiacha. Waliongea chumba kimoja na hawakutazamana. Kila mmoja alimwogopa mwenzake.

Mwenyekiti alimgeukia Kuruthumu, aliyekuwa ameitwa kikaoni, akamwomba arudi jikoni. Yeye aliinuka, akajifunga khanga vizuri.

"Nimesikia," alisema. "Mngeniambia kuwa mnapendana, ningewapikia pilau. Mmenipika mimi." Akatoka. Alikuwa ameshaanza kukaanga samaki pale soko la Feri na hakurudi shuleni tena.

Polycarp alifoka kwa mwezi mzima, maana zabuni ilikwenda kwa jirani. Shuleni waliletewa mizani, na wafadhili, baada ya kupima kweli, wakakiri kwamba kilo zilikuwa chache tangu mwanzo, wakaziongeza. Maharage yakawa yanafika Ijumaa yenyewe. Blandina akapata jina jipya Tandamti, Bahili, kwa kuwa alipima mpaka mshale ukasimama katikati na asidondoshe punje juu, hata uombe vipi.

Mwaka ulikuwa umegeuka aliposimama mbele ya kaunta mwanamke mnene, harufu ya samaki na bahari imemjaa.

"Shikamoo, mama," alisema Blandina.

"Marahaba. Kilo mbili. Wateja wangu siku hizi wanataka na maharage."

Blandina alipima. Mshale ukasimama katikati. Akamimina. Kuruthumu hakuufunga mfuko, akaushika vile vile wazi.

"Nyongeza yangu iko wapi?"

"Mama…"

"Kariakoo gani hii haina nyongeza? Lete."

Blandina alichota gao moja, maharage mengine yakamwagikia kaunta. Kuruthumu aliyaokota moja moja, akayatia mfukoni.

"Na hiyo uiandike," alisema.

Blandina aliandika. Alipomaliza alikuwa analia na kucheka pamoja, na mtu mmoja tu duniani alistahili kuambiwa. Kuruthumu hajavuka hata barabara, Blandina ameshapiga namba ya Kisutu ambayo hakuwahi kuisahau. Aliipokea mwanamke.

"Shikamoo, mama. Samahani, Manan yupo?"

"Marahaba. Manan yuko Mwanza, kwa baba yake mdogo. Nani mwenzangu?"

"Mimi… wa duka la maharage."

Kiti kikaburutwa upande wa pili.

"Blandina?" alisema Ranjanben, mama yake Manan. "Jumapili ile tulikungoja. Nilipika dengu, nikapika na ndizi, maana Manan alisema kwenu lazima ndizi. Alikaa mlangoni mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia mpigie. Akasema, akinitaka atakuja."

Blandina aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nilidhani amekasirika, mama."

"Alikasirika sana, binti yangu. Kwani mtu aliyekasirika hali?"

Nje mwenye mkokoteni alipita anapiga kelele watu wasogeze miguu. Blandina aliuliza kama anaweza kupata namba ya Mwanza. Ranjanben alijibu kwa upole, kama anayemfunga mtoto kidonda.

"Amechumbia huko. Harusi mwezi ujao."

"Basi mpe hongera. Na mwambie Mama Kuruthumu amekuja kununua maharage. Atafurahi."

"Nimwambie kasema nani?"

"Mwambie yule aliyemkuta anaatamia."

"Nitamwambia," alisema mama yake Manan, ingawa hakuelewa.

Blandina aliweka simu chini. Kulikuwa na mteja anangoja, msichana mdogo wa kazi, kashika mfuko wa kilo moja. Alimpimia, macho yanamtiririka bila aibu, na mshale uliposimama katikati akadondosha gao moja juu.

"Dada, umezidisha," alisema yule msichana.

"Najua," alisema Blandina, akachomoa kalamu kwenye nywele.