Uso Uliobaki Tukuyu

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine, mwaka ule redio zilipokuwa zikiimba Azimio la Arusha kutwa kucha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima ikapumzika alfajiri, na pale Kinyala ukungu ulikuwa bado umelalia migomba. Tusekile aliamka, akawasha moto, akapika uji, akamwita mumewe. Jotham alikunywa uji wote mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, ndipo akalitoa lile alilokuwa nalo tumboni wiki nzima.

Alisema mchana ule atapokea mgeni. Huyo mgeni ni Elina, binti wa Kiwira, ambaye hata binti yao wa kwanza anamzidi umri, na ataingia kwa mlango wa mbele kama mke. Kwa hiyo Tusekile ahamishie vyombo vyake kwenye kibanda cha jikoni, na awapikie watu.

"Uso wako umechoka, mama," alimwambia. "Na mimi nimechoka kuuona kila nikifumbua macho."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha kuanua nguo. Ndivyo alivyokuwa Jotham. Mtu mpole, fundi seremala hodari, nusu ya milango ya Kinyala aliichonga yeye. Alipokumbushwa kwamba kanisa litamtenga kwa kuongeza mke, alicheka tu akaenda kupiga randa.

Sasa hapa inabidi turudi nyuma kidogo, maana bila hili hutaelewa kitu. Tusekile hakuwa wa kwanza katika nyumba ile. Wa kwanza alikuwa dada yake, Atuganile, aliyelala mzima akaamka maiti. Homa ya ghafla, wakasema. Jeneza alilichonga Jotham mwenyewe, na misumari aliigongelea mwenyewe, hakutaka msaada wa mtu. Kwa mila ya Wanyakyusa wa siku zile, dada akifa ukweni mdogo wake hupelekwa kushika nafasi, na Tusekile alipelekwa hata chozi halijamkauka. Akakabidhiwa nyumba ya dada yake, chungu cha dada yake, kitanda cha dada yake. Mama mkwe akamkabidhi na jina. Katika nyumba hii, alisema, mke anaitwa Atuganile. Basi akaitwa hivyo, akaitika hivyo, mpaka watoto aliowazaa wakajua ndilo jina la mama yao. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake, na mama yake alikwishakufa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimrudia. Siku ya msiba alimwona dada yake akiwa amefungwa leso ya njano shingoni, imekazwa vizuri. Wanawake waliomwosha maiti, na Felista, jirani yao wa utotoni aliyeolewa hapo Kinyala, alikuwemo, waliambiwa na mama mkwe wasiiguse leso ile. Hawakuigusa. Tusekile naye aliiona, hakuuliza. Mwanzo aliogopa. Baadaye akazoea.

Ila asubuhi ile hakuwa na woga, alikuwa na hasira. Nyumba ile ndiyo aliyokuwa nayo duniani. Kuta zake alizisiliba kwa mikono yake kila kiangazi, na watoto wake wote walizaliwa chini ya bati lake. Leo aambiwe ahamie kwenye moshi kumpisha mtoto wa juzi, kisa uso? Haya. Kama ni uso, atauleta uso. Ataketi mlango wa mbele akiwa amependeza hivi kwamba watu wote wa sherehe wamcheke Jotham, na huyo Elina aone haya arudi kwao. Alijitwika mkungu wa ndizi, akashuka mpaka Kiwira, akapanda lori lililokuwa likienda Tukuyu.

Tukuyu mjini, katika duka la kanga la Sadalla, mkewe Mwanaasha alikuwa na kaunta yake pembeni. Kaunta ya kioo, imejaa poda, manukato, rangi za mdomo, na nyuma yake kimesimama kioo kirefu chenye fremu ya mninga. Wake za makarani walikuja pale kupambwa kabla ya dansi. Mwanamke wa shamba, miguu ina tope, nywele zimeanza mvi, hakuwahi kukaa kwenye kigoda cha mbele ya kaunta ile. Tusekile alipokaa, wasichana wawili waliokuwa wakichagua kanga walifinyana na kuguna. Mwanaasha akawakata jicho wakatoka.

"Usiwajali, dada yangu," alisema. "Nani amekuudhi?"

Tusekile akamweleza yote, mpaka ule uji. Mwanaasha alisikiliza huku akimfuta uso kwa pamba yenye marashi. Akaahidi kwamba leo huyo bwana atajuta. Kisha akatoa chini ya kaunta kikopo kidogo cha shaba, cheusi kwa uzee. Ulikuwa wanja wa bibi yake, aliyewapamba maharusi wa Kilwa maisha yake yote. Ulikuwa na sharti moja. Anayepambwa lazima aitwe jina lake mara tatu mbele ya kioo, ili uso unaokuja uwe wake na si wa mwingine anayepita.

"Niambie jina lako la kwa mama," Mwanaasha alisema.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Lakini mtu aliyeitika jina moja tangu usichana wake mpaka mvi, ukimuuliza jina, ulimi hauendi kutafuta jingine.

"Atuganile," alisema.

Mwanaasha akaanza na poda. Mikunjo ya paji la uso ikalala. "Atuganile," akaita. Akapaka rangi ya mdomo, na midomo iliyokuwa imepauka ikajaa. "Atuganile." Tusekile alijitazama akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha Mwanaasha akachovya kijiti kwenye wanja, akapitisha jicho la kushoto, akapitisha la kulia.

"Atuganile."

Upepo wa baridi ukampuliza Tusekile kisogoni. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa. Ilikuwa baridi ya pumzi, ya mtu aliyesimama karibu.

Mwanaasha alikuwa ameshika pamba ya poda, anamalizia shingo. Akapaka. Akapaka tena. Mkono ukasimama.

"Hapa poda haishiki," alinong'ona. "Dada, nani alikukaba?"

Tusekile akatazama kioo. Shingoni mwake zilikuwa zimejitokeza alama nne za vidole upande mmoja, na ya kidole gumba upande wa pili. Nyeusi. Asubuhi hazikuwepo. Na chini ya jicho la kushoto palikuwa na kovu dogo la kuungua. Yeye hakuwahi kuungua. Aliyeungua alikuwa dada yake, kwa uji wa moto, walipokuwa watoto.

Akapandisha mkono kuligusa. Kwenye kioo, mkono ulichelewa.

Ndipo akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba Atuganile ni dada yake na alikwishakufa. Mwanaasha akarudi nyuma mpaka akagonga rafu. Akasoma dua, akachukua chupa ya mafuta ya nazi. Alimwambia amwache amfute sasa hivi, hapo hapo kwenye kigoda, angali hajavuka kizingiti. Akitoka na huyo aliyekuja, hakuna wa kumtoa.

Tusekile aliuzuia mkono wenye chupa. Aliitazama ile shingo. Ile leso ya njano aliyoinyamazia miaka yote sasa ilikuwa kama imefunguliwa mbele yake, na kila kitu kikawa wazi. Hapakuwa na homa. Palikuwa na mkono wa fundi. Na mkono ule ule ulikuwa umemlaza yeye kitandani, umemlelea watoto, umepokea uji asubuhi ya leo. Hasira ya kuhamishiwa jikoni ilififia, ikaja nyingine kubwa kuliko yeye.

"Usinifute," alisema. "Mwache dada afike kwake."

Akasimama, akatoka. Mwanaasha alimtazama mpaka ukungu ukamfunika. Alipogeuka kufunika kile kikopo, aliona kitu kwenye kioo, akaangusha chupa ya mafuta. Hicho tutakirudia.

Njiani hapakuwa na shida. Lori lilimchukua, dereva hakumtazama mara mbili. Kutoka Kiwira alipanda kwa miguu, mvua ikinyesha, na rangi haikuchuruzika hata tone. Mbwa wa njiani walijikunyata chini ya maghala wakimwona. Karibu na nyumbani alikutana na Felista, kikongwe sasa, amebeba majani ya mgomba. Felista alimwamkia kwa Kinyakyusa kama kawaida, "Ugonile." Kisha akainua macho. Majani yakamwanguka. Hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kanga yake akapiga magoti kwenye tope, na mwanamke akampita bila kusimama.

Sherehe ilikuwa imechangamka. Vyungu vya pombe ya ulezi vilikuwa uani, kinanda kinalia, Elina ameketi kwenye kiti kipya, ameinamisha macho. Jotham alikuwa mlango wa mbele amevaa koti, anacheka na wageni. Kinanda kilinyamaza kwanza. Halafu watu. Vijana hawakuelewa kitu, waliona mwanamke mzuri anapita katikati yao, mguu wa tope. Wazee ndio waliorudi nyuma, kwani uso ule waliujua.

Jotham akageuka. Kicheko kikabaki mdomoni.

"Jotham," alisema yule mwanamke. Sauti ilikuwa ya msichana. "Nifungue leso. Inanibana."

Jotham alirudi nyuma, akaingia ndani. Mwanamke akamfuata. Mlango ule, alioupiga randa kwa mikono yake, ukajifunga taratibu. Wanaume waliusukuma. Haukuwa na komeo. Haukufunguka.

Walisikia akiomba. Alisema ilikuwa hasira tu. "Sikukusudia, Atuganile, nilikuwa na hasira tu, nilidhani utaamka." Akalia kama mtoto. Kisha wakasikia nyundo. Pigo moja moja, la fundi asiye na haraka.

Mlango ukafunguka wenyewe. Jotham alikuwa amelala kitandani, mikono kifuani, amenyooshwa vizuri. Shingoni alikuwa amefungwa leso ya njano. Ilikuwa imeoza nusu, ina udongo mbichi, na mizizi myembamba ya nyasi ilikuwa imeshonana nayo. Nyundo hawakuiona. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya meko, anachochea moto.

Elina alikimbia na viatu mkononi, na Kinyala hakuonekana tena. Nyumba ikabaki kwa mwenyewe. Watu walimzika Jotham bila maneno mengi, na hakuna aliyethubutu kuifungua ile leso.

Ungedhani yameishia hapo. Tusekile mwenyewe angedhani hivyo, kama angekuwepo.

Usiku wa matanga watoto walimwomba mama yao anawe uso. Akanawa. Akanawa tena kwa majivu. Uso ulikuwa ule ule, wa msichana, na kovu chini ya jicho. Mikono ilikuwa ya mama yao, na magoti, na zile nyufa za kisigino. Walimuuliza mambo ya utoto wao naye akawatazama kama anayesikiliza habari za watu wa mbali. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na waliporudi kumsalimu walisimama uani.

Miezi baadaye Mwanaasha alikuja Kinyala kwa miguu, amekonda. Felista alikuwa uzioni akasikia yote. Mwanaasha hakuingia ndani. Alimwomba mwenye nyumba jambo moja tu, amtajie jina la mdogo wake, yule aliyekaa kwenye kigoda.

"Kwa nini?" akauliza yule mwanamke.

"Yupo kwenye kioo changu," Mwanaasha alinong'ona. "Tangu siku ile. Ananionyesha kwa midomo nimwite. Nimwite nini?"

Yule mwanamke alicheka polepole. Akasema mdogo wake alilala kitandani kwake miaka yote ile, akala kwenye chungu chake, akaitwa jina lake, na siku hata moja hakuuliza habari ya leso. Si alilipenda jina langu? Basi abaki bila jingine.

"Hapa yupo Atuganile tu," alisema. "Si uliniita mwenyewe?"

Akafunga mlango. Felista, ambaye jina la Tusekile alilijua tangu siku alipozaliwa, alibaki uzioni amekamata mti, kinywa hakifunguki. Naye alikuwa ameiosha ile maiti. Naye hakuifungua leso. Aliogopa kwamba akitamka tu, atageukiwa. Akamwacha Mwanaasha ashuke mlima mikono mitupu.

Jina alilisema siku anakufa, miaka mingi baadaye, na ndiyo maana tunalijua. Watu walikimbia nalo hadi Tukuyu. Wakakuta vijana wa chama walikwishapiga marufuku rangi za mdomo, kaunta ilivunjwa zamani, Sadalla na mkewe walirudi pwani. Kioo kiliuzwa. Wengine wanasema kwa kinyozi, wengine wanasema kwa mwenye nyumba ya wageni. Kila aliyekuwa nacho alikiuza tena upesi, na wote walilalamikia kitu kimoja. Hata kiangazi, hata ukikifuta kutwa, katikati ya kioo pana duara la mvuke, la ukubwa wa mdomo wa mtu. Na ukilipitishia kitambaa, halifutiki. Liko upande wa ndani.