Jina la Ndalahwa

Kila asubuhi Tereza alimwogesha mtoto wake mlangoni, nyumbani kwao Kirumba. Mama mkwe wake, Bi Kija, alimmiminia maji kwa kopo. Mtoto alikuwa na miezi minne, lakini hakuwa na jina. Kwenye kadi ya kliniki aliandikwa "Mtoto wa Tereza."

Siku hiyo Nestory, mume wa Tereza, alitoka chumbani amevaa shati safi.

"Mvalisheni," alisema. "Twende zahanati tukamwandikishe, apate cheti cha kuzaliwa. Ataitwa Ndalahwa."

Bi Kija akaliweka kopo chini kwa kishindo.

"Jina hilo halitajwi hapa!"

"Mama, mtoto hurithi jina la wazee. Ndalahwa ni babu wa baba yako."

"Alikuwa mtumwa!" Bi Kija akapunguza sauti. "Alinunuliwa kama mbuzi. Akaiba bunduki ya bwana wake, akatoroka. Mtumwa, tena mwizi! Tulipokuwa wadogo, wenzetu kisimani walituita uzao wa mnyororo. Wazazi wakatufundisha kusema alikuwa mfanyabiashara. Unataka mjukuu wangu achekwe?"

Tereza akamfunika mtoto kanga. Jirani yao, Mwalimu Josepha, Mhaya anayefundisha historia sekondari, alikuwa amesimama uani. Alikuja kuazima beseni.

"Shikamoo, mama. Samahani, nimesikia."

"Marahaba. Hata kiziwi angesikia."

"Babu alitoroka wapi?"

"Pangani, kwenye mashamba ya miwa. Akatembea mpaka huku ziwani, kwao."

Josepha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama, miaka ya 1870 watumwa wa mashamba ya miwa karibu na Pangani walishika silaha. Walikimbia, wakajenga kijiji chao chenye boma. Waliokwenda kuwarudisha walishindwa. Sijui kama babu alikuwa pamoja nao. Lakini waliopigana walikuwa wengi. Hata Haiti, nchi ya mbali, watumwa walipigana zaidi ya miaka kumi, mpaka wakapata nchi yao."

"Na bunduki ya watu?"

"Babu alichukua bunduki. Yule bwana alichukua mtu. Mwizi ni nani?"

Bi Kija akacheka kidogo. "Nyie Wahaya na usomi wenu! Hata mtumwa mnamvika joho la chuo kikuu."

"Simpambi, mama. Aibu ya utumwa ni ya aliyenunua, si ya aliyenunuliwa. Tukinyamaza, watoto watadhani babu zao walikaa tu wakingoja kuhurumiwa."

Bi Kija alichukua kitenge chake, akambeba mjukuu mgongoni. Njiani Nestory alimwambia, "Mama, bila wewe kukubali, sitaliandika."

Zahanati kulikuwa na foleni ndefu, wote majirani. Zamu yao ikafika.

"Jina la mtoto?" aliuliza mwandikishaji.

Nestory akamtazama mama yake. Tereza naye akamtazama.

"Jamani, mtoto hana jina? Wenzenu wanangoja."

Bi Kija aligeuka, akaiangalia foleni yote. Kisha akasema kwa sauti, hata wa mwisho akasikia:

"Andika Ndalahwa. Ni babu yetu. Alikuwa mtumwa, akashika bunduki, akarudi kwao."