Pumzi ya Mama Mkwe

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, Severa, na kama si aibu ningeshayasimulia zamani. Usidhani nimeyaokota mtaani. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kochi lake, kikombe cha chai mkononi.

Severa na mumewe Filbert wana duka la vitenge vya jumla Mtaa wa Msimbazi, na wanaishi ghorofani juu yake. Shemeji hanywi wala hagombani na mtu. Ugonjwa wake ni mmoja tu, santuri. Ana gramafoni ya zamani iliyofufuliwa na fundi wa mtaa wa Gerezani, na kila Jumapili baada ya misa lazima aipige. Vijana wa mjini hupanda ngazi kumbembeleza awauzie, maana siku hizi santuri zimerudi kutafutwa. Hauzi. Moja haruhusu hata iguswe: ile ya mama yake, Paskalina, aliyeimba muziki wa dansi enzi zake, akafariki Filbert akiwa bado ananyonya. Mwanamume yule hakuwahi kumsikia mama yake ila humo.

"Si uirekodi kwenye simu, shemeji?" nilimuuliza siku moja.

"Nilijaribu. Simu inanipa wimbo tu," alisema. "Hapa, kabla hajaanza, anavuta pumzi. Sikiliza. Na hii michirizi, Evelyn, imechimbwa na sauti yake. Nikiigusa naona kama nimemgusa yeye."

Nikamtania kwamba kumbe ana wake wawili. Severa hakucheka.

Dada yangu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, na aliwahi kuwaambia wenzake kwamba mama mkwe wake alikuwa mwanakwaya. Sasa jalada la santuri ile lilikuwa na picha ya Paskalina na kigauni kifupi, kipaza sauti mdomoni, na Filbert aliliweka kabatini pembeni ya sanamu ya Bikira Maria. Zamu ya jumuiya kusali kwa Severa ilipokaribia, alimwomba mumewe aliondoe. Filbert akakataa. Kisha akasafiri kwenda Moshi msibani, na huku nyuma dada akachemsha maji.

Shangazi zetu kule Kibosho walikuwa na ufundi huo. Santuri iliyochakaa unailowesha kwenye maji ya moto, ikilegea unaibonyeza juu ya sufuria, inakuwa bakuli la karanga. Tumekua tukiyaona mabakuli hayo sebuleni kwa watu.

"Jalada nimelichoma," aliniambia. "Santuri nitasema ilipinda kwa joto. Atakuta imekuwa pambo."

Nilimwambia amefanya vibaya. Akanipa maandazi niyapange kwenye sinia.

Asubuhi ya Jumamosi wanajumuiya wakajaa sebuleni. Tumsifu Yesu Kristu, milele amina. Tukasali rozari, tukaimba, chai ikaletwa. Bakuli likazunguka na karanga zake, wakalisifia. Likamfikia Fortunata, katibu. Akachota. Ukucha wake ukapita kwenye michirizi.

Mtu akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu anayejiandaa. Tukatazamana.

"Nani huyo?" Fortunata alinong'ona.

Sauti ya mwanamke ikaanza kuimba. Polepole. Imepinda kidogo. Redio ilikuwa imezimwa. Gramafoni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Karanga zilikuwa zikitetemeka. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, maneno ya baa kabisa, na katikati yake ukakatika. Sauti ileile ikauliza, kwa upole, "Filbert kalala?"

Nimeisikia santuri ile mara nyingi. Maneno hayo hayakuwemo.

Severa akalirukia bakuli. Akalibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu zake zote, kama anayeziba mdomo wa mtu. Kukawa kimya. Alipoinua kidole, bakuli lilikuwa laini ndani na nje kama sahani ya kaure. Hakuna mchirizi hata mmoja.

"Mama Beno," Fortunata alimwambia dada, "ni nani yule?"

"Mama mkwe," dada akajibu, macho chini. "Aliimba baa. Niliwadanganya."

Waliondoka bila kumaliza chai. Niliosha vikombe nikiwa siwezi kumtazama dada usoni.

Wiki hiyohiyo alikwenda kusajili laini ya simu kwa Khalfani, pale chini karibu na duka. Mashine ya alama za vidole ikakikataa kidole gumba chake. Khalfani akakigeuza kidole kwenye mwanga. Mistari myembamba, duara ndani ya duara, imekaribiana mno. Akakiachia haraka, akajifuta mkono kwenye suruali.

Filbert aliporudi, Severa alipiga magoti akasema yote. Heri angefokewa. Mumewe alikaa sakafuni na lile bakuli, akilipitishia ukucha, sikio limetega. Halikutoa kitu. Mtu mzima akalia kama mtoto. Dada hakuvumilia, akamfuta machozi kwa kidole kilekile. Ndevu zikakwaruza.

Mtu akavuta pumzi.

Siku hizi Severa hampi mtu mkono. Ukimsalimia anakunyooshea kiwiko, kiganja amekizungushia khanga. Uenyekiti kauacha. Watu wanadhani ni maringo.

Jumapili iliyopita nilipanda kuwaona baada ya misa. Nikiwa mlangoni nilimsikia Paskalina akiimba. Nikasukuma mlango. Gramafoni ilikuwa wazi. Haikuwa na santuri. Dada alikuwa amekaa pembeni yake, mkono wake umelazwa pale santuri inapokaa, uso kaugeuzia ukutani. Shemeji ameshika sindano, anaizungusha taratibu juu ya kidole gumba cha mkewe. Macho amefumba. Anatabasamu.

"Dada," nikanong'ona. "Inauma?"

Akainua mkono wa pili ajifiche uso. Hapo nikaona. Vidole vyote vya mkono ule vilikuwa vimeanza kuchoreka michirizi, na ilikuwa ikishuka kuelekea kiganjani.

"Funga mlango, Evelyn," alisema. "Watu watasikia."