Lebo Mia Mbili na Bwana Harusi Mmoja

Mchana ule ghorofa ya chini ya jengo la maduka ilifurika watu, na mlangoni kwa mshonaji palichuchumaa mwanamume mwenye shati la bluu lililotapakaa wino. Aliinamisha simu mbele ya kioo, akaiinua, akaiinamisha tena.

"Kaka, unanunua au unapima kioo?"

"Nataka kuona magauni yako, dada. Msimbo wako wa QR hapa kiooni umenikataa."

"Labda umejua huna shida na gauni."

Mwanamume alicheka, mwanya ukaonekana. "Umeuchapa kwa waridi juu ya pinki. Simu inataka nyeusi juu ya nyeupe. Tena umeubana kwa maua, hauna nafasi ya kupumua. Na hujaandika mtu akiuskani atapata nini. Nani atapiga hodi nyumba asiyoijua?"

"Umemaliza kunikosoa?"

"Bado. Umeuweka magotini. Wateja wako ni sungura?"

Mshonaji alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Mkosoaji alikuwa mchapaji wa ghorofa ya pili, aliyebandikwa jina la Miraba kwa sababu ya hizo QR alizochora kutwa. Kesho yake alileta tangazo jipya, msimbo mweusi tii juu ya karatasi nyeupe, limeandikwa "Skani uchague gauni lako." Keshokutwa alileta chai. Penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Miezi mitatu haikuisha, jengo zima likajua.

Kisha yakaja maonyesho ya mavazi. Kwa mshonaji hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kujulikana nje ya jengo lile. Miraba alimchapia lebo mia mbili, kila moja na msimbo wa kufungulia ukurasa wa magauni yake.

"Laazizi, umezijaribu?" mshonaji aliuliza kwenye simu.

"Kwa simu tatu, kipenzi. Hata ile ya mama yenye kioo kilichopasuka. Nimekunja kitambaa, nimesimama juani. Zote zimesoma."

"Ndiyo maana nakupenda."

"Kwa sababu ya simu ya mama?"

"Nenda zako!"

Asubuhi ya maonyesho mshonaji alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa. Mteja wa kwanza akaskani lebo, akatabasamu. "Kumbe ni mwaliko! Hongera zao."

Mshonaji akachungulia. Ndani ya simu alisimama Miraba kwa suti, amemshika mkono mwanamke mwenye shela. *Karibuni kwenye harusi yetu.* Wateja wanne wengine waliskani, wakacheka, wakapita. Akapiga simu.

"Hongera, bwana harusi."

"Bwana harusi wa wapi, mpenzi?"

"Kamuulize mkeo!"

Akakata. Miraba aliskani lebo iliyobaki mezani kwake dukani, akashika kichwa. Ilikuwa desturi yake, picha za mteja zikichelewa, kuelekeza msimbo mpya kwenye mwaliko wa sampuli ili aujaribu. Alikuwa amehakikisha lebo zinafunguka, na picha za magauni zilipofika akasahau kuzielekeza huko. Alitamani kukimbia kwa mpenzi wake, lakini alikaa kwanza kwenye kompyuta. Misimbo ya aina ile hubadilishiwa ukurasa bila kuchapwa upya, na baada ya dakika tano lebo zote zilifungua magauni. Kisha akampigia dada yake.

Miraba alipofika maonyeshoni anahema, mshonaji alikuwa anaandika oda ya saba, macho mekundu.

"Usinisogelee. Mkeo huyo nyuma yako."

"Mke?" dada mtu akang'aka. "Wifi, huyu nimemfuta kamasi! Alinivika shela la kuazima ati nimsaidie sampuli, malipo yangu soda moja. Tena ya moto!"

Akacheka, na mwanya wake ulikuwa ule ule wa kaka mtu. Mshonaji aliwatazama kwa zamu, kifua kikashuka.

"Nilijua nimeachwa, tena mbele za watu."

"Kosa langu," alisema Miraba. "Nilipima kila kitu, nikasahau kuangalia msimbo unampeleka mtu wapi. Nisamehe. Ule mwaliko nimeufuta. Nataka kuchapa wa kweli, wangu na wako. Utakubali nikuoe?"

Foleni ya wateja ikageuka kuwatazama.

"Sema tena kwa sauti. Waliocheka asubuhi bado wamo humu."

"Nakupenda! Nioe... naomba nikuoe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mshonaji alijifuta machozi, akavua utepe wa kupimia shingoni, akauzungusha kifuani kwa Miraba.

"Simama wima. Ile suti ya kwenye picha ilikupwaya. Ya harusi yetu nitakushonea mwenyewe."